Mbuzi wa Kamba Nyeupe

Kaaha alikuwa ameona wajinga wengi maishani mwake, lakini mpaka mwaka ule wa arobaini na tisa hakuwa ameona mjinga anayesafiri na sanduku la vifaa. Mzungu huyo alikuja kwa lori kutoka Nairobi, akapiga hema nje kidogo ya Garissa, na siku ya pili akaanza kuokota mavi ya mbuzi. Mtu mzima, soksi hadi magotini, anainama nyuma ya mbuzi, anatia mavi kwenye viberiti vitupu, kisha anaandika! Wenyeji wakamwita Bwana Daftari. Alikuwa bwana wa mifugo, na alisema amekuja kutafuta dawa ya minyoo.

Si kwamba minyoo haikuwapo. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha vizuri, na majani yalipoota minyoo nayo ikapata karamu. Mbuzi walivimba chini ya taya, kope zikapauka, wengine wakalala wasiamke. Kila mfugaji alilijua hilo, na kila mfugaji alijua la kufanya. Hilo la pili ndilo Bwana Daftari hakuuliza. Dawa alikuja nayo tayari, mrututu na tumbaku vilivyokorogwa ndani ya pipa mpaka maji yakawa buluu. Alichokosa ni mbuzi ishirini tu wa kuijaribia.

Chifu wa mahali pale aliitwa Rage, ndugu wa marehemu mume wa Kaaha. Debe tupu haliachi kuvuma, na Rage alivuma tangu alfajiri hadi isha. Ndugu yake alipokufa alitaka kumrithi Kaaha awe mke wake wa tatu, kama desturi ilivyomruhusu. Kaaha alimjibu mbele za watu kwamba yeye ana mbuzi kumi, na mbuzi kumi wanamfaa kuliko theluthi ya mume. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Rage hakucheka, wala hakusahau.

Kwa hiyo Bwana Daftari alipoeleza kwamba mbuzi kumi watapewa dawa na kumi hawatapewa kitu, ili tofauti ionekane, Rage alielewa upesi kuliko siku zote. Mbuzi wake kumi wakavishwa kamba nyekundu, hao wa dawa. Kumi wa mjane wakavishwa kamba nyeupe. Wakifa, Kaaha hatakuwa na mahali pa kula isipokuwa jikoni kwa Rage.

Aliyetumwa kumpa habari alikuwa Diriye, mkalimani wa Bwana, kijana wa mjini mwenye kaptula iliyopigwa pasi.

"Eddo," alianza kwa adabu, kama mtu anayesema na shangazi yake, "mbuzi wako wanaachwa walivyo. Siku arobaini usiwape kitu chochote. Ni amri."

"Wakiugua?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Bwana anataka kuona wanavyougua."

"Aone tu?"

"Aone na aandike."

Kaaha alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Na mama yako anajua kazi unayofanya?"

Diriye akajipangusa vumbi kwenye kaptula. Angejibu nini? Katika nchi ile mnyama aliye mkononi mwako ni amana, na aliyekupa amana hiyo atakuuliza siku moja. Mtu akimwona mbuzi anaugua akakaa kitako kumhesabia pumzi, basi mtu huyo ana ugonjwa mbaya kuliko wa mbuzi.

Lakini mbuzi wasipokamuliwa viwele huvimba, na hilo hata Bwana Daftari alilijua. Akamruhusu Kaaha aingie kila asubuhi kukamua katika zizi walimofungiwa wote ishirini. Kisha akapakia viberiti vyake akaenda Wajir kuokota mavi ya huko, na kazi ya kunywesha dawa akamwachia Rage.

Kaaha akaja na dhiil yake, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, kikafukizwa moshi mpaka ndani kikawa cheusi. Dhiil ile haikuwahi kuona sabuni tangu mama yake alipomwachia. Maziwa ya jana huacha tone chini, tone hilo huyagandisha ya leo, na hivyo ndivyo ilivyokwenda miaka thelathini bila kukatika. Siku ya kwanza alikuja pia na gome la reydab, mti wa dawa ya minyoo ambao hata watoto wa kule wanaujua. Gome lenyewe hakulifuata mbali. Alikuwa amelitwanga na kuliloweka mpaka maji yakatoa povu, akawapimia mbuzi wake kwa kiganja, mkubwa kwa ukubwa wake, mwenye mimba akampunguzia. Baada ya hapo kila asubuhi alimimina maziwa ya mgando kwenye kifuniko cha dhiil, akatia chumvi kidogo, akagonga kwa ukucha, ko, ko, ko. Mbuzi wa kamba nyeupe wakaja mbio wakisukumana.

"Gome linafukuza, maziwa yanarudisha," mama yake alizoea kusema. Gome huliacha tumbo la mbuzi limechoka, halitaki hata kucheua. Maziwa ya dhiil hulikumbusha kazi yake.

Siku moja Diriye alimkuta. "Eddo, huko ndiko kukamua? Mbona anayekunywa ni mbuzi?"

"Wewe tafsiri maneno ya watu," Kaaha alimwambia. "Ya mbuzi niachie mimi."

Diriye akaondoka, na sifa moja ni yake, hakumwambia mtu.

Rage naye alikuwa na elimu yake. Bwana aliagiza kikombe kimoja cha bati kwa juma. Rage akafikiri, kama kimoja kinaponya, viwili vitanenepesha. Akawanywesha viwili, na juma la tatu akaongeza cha tatu kwa ajili ya heshima ya cheo chake. Mbuzi wa chifu wakaanza kukohoa na kusaga meno. Mbavu zikahesabika, maziwa yakakauka, na kila walipoona kikombe cha bati kinang'aa walikimbilia ukingo wa miiba. Hakuna aliyekufa, lakini hakuna ambaye ungemnunua.

Siku ya arobaini Bwana Daftari alirudi. Akatundika mizani yake kwenye tawi la mti ulio mlangoni pa zizi, akafungua daftari, akaita mbuzi. Kaaha alipofika na dhiil begani, alisimama ghafla. Mbuzi wake kumi, wanene, manyoya yanametameta, walikuwa na kamba nyekundu shingoni. Wale kumi wa Rage, mifupa mitupu, walikuwa na kamba nyeupe.

Alfajiri mtu alikuwa amezibadilisha. Huhitaji hadubini kumjua nani. Mbuzi wote walikuwa weupe, na kwa kuwa Rage na marehemu walikuwa ndugu, alama ya kukata masikio ilikuwa moja. Wachungaji wote pale walimjua kila mbuzi kwa sura, kama unavyomjua jirani yako, lakini ghafla wote walikuwa na jambo la maana la kutazama mawinguni. Chifu ni chifu.

Bwana Daftari alipima kamba nyekundu, akaandika, akapima tena, uso ukamng'aa. Dawa yake inafanya maajabu! Alimpa Rage mkono mbele ya watu wote, kisha akatangaza kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja kwamba kazi imekwisha, kila mtu achukue mbuzi wake. Nyekundu za chifu. Nyeupe za mama.

"Dumaashi," Rage alimwambia Kaaha kwa upole wa fisi, akitumia neno la shemeji, "pole. Hao wako hawafiki mwezi ujao. Lakini mlango wangu uko wazi."

Hapo Kaaha aliona mambo yote mawili kwa uwazi. Akinyamaza, jioni ile hana mbuzi, na mwezi ujao ni mke wa huyu. Akisema, amevunja amri ya serikali kwa siku arobaini. Diriye alimsogelea akanong'ona, "Eddo, ukikiri uliwapa kitu watakutoza faini."

"Sasa tafsiri vizuri," Kaaha alimwambia. Lakini Diriye alimtazama chifu, akarudi nyuma hatua moja. Kaaha akakata tamaa naye, akamgeukia Bwana kwa Kiswahili cha sokoni.

"Bwana, kamba hii ya uongo. Mbuzi hii nono ni yangu. Mimi nilibea yeye dawa ya mti, na maziwa. Tazama."

Akaketi chini, akamimina, akagonga kifuniko. Ko, ko, ko.

Mbuzi kumi wa kamba nyekundu walitoka mbio. Mmoja alimpiga Bwana kikumbo daftari likaanguka. Wakamzunguka Kaaha, pua zimezama kifunikoni.

"Mbuzi hufuata chumvi!" Rage alipiga kelele. "Hata mimi nikiwaita watakuja!" Akanyakua chombo kilichokuwa karibu, akakigonga kwa kidole. Kilikuwa kikombe cha bati. Wale kumi wa kamba nyeupe walikisikia, wakatimka wote hadi miibani, wakabaki huko wakitetemeka. Wachungaji wakasahau mawingu, wakacheka.

Bwana Daftari hakuwa mwizi, tumpe haki yake. Alielewa, na akaamuru mbuzi wanene warudi kwa mama. Lakini hasira yake kwa chifu ilikwisha kwa maneno mawili. Hasira yake kwa Kaaha ilidumu.

"Wewe haribu kazi yote!" alisema, masikio yamewiva. "Siku arobaini! Yote bure!" Akachora mstari mrefu kwenye ukurasa, kisha mwingine kuukata ule, akafunga daftari. Faini, mbuzi mmoja.

Kaaha alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa swali. Alijua atakavyoeleza kipimo cha kiganja, na kwa nini mwenye mimba hupunguziwa, na kwa nini dhiil haioshwi kwa sabuni. Hata maneno ya Kiswahili alikuwa ameyatafuta moyoni. Mtu aliyesafiri kote huko kutafuta dawa ya minyoo, amewekewa dawa mbele ya pua, lazima aulize. Bwana Daftari aliuliza kama maji ya kuoga yako tayari.

Askari wa kilemba chekundu aitwaye Kerrow alimchagua ndafu mnene kuliko wote, akamchinja pale pale. Kaaha aliuma mdomo, maana alimlea mbuzi yule kwa mkono. Kerrow alipopasua tumbo aliinama karibu zaidi. Msimu mzima kila tumbo alilopasua lilikuwa limejaa minyoo myembamba kama nyuzi. Hili lilikuwa safi. Akaligeuza, akalikwangua kwa kisu.

"Bwana!" aliita. "Njoo tazama tumbo! Hakuna mnyoo hata mmoja!"

"Mimi nataka maini tu," Bwana alijibu kutoka hemani.

Basi akala maini. Alasiri akashusha mizani yake, akapanda lori na viberiti vyake, akaenda zake. Kilichokuwa kimemleta kilibaki mchangani, mbwa wakakigombania.

Kaaha alikuwa akiwaswaga mbuzi wake tisa aliposikia mtu anakohoa. Rage alikuwa amesimama peke yake mlangoni pa zizi, mgongo ameuegemeza mtini, bila kelele kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo. Nyuma yake mbuzi wake walikuwa wakisaga meno.

"Dumaashi," alisema, akitazama chini, "huo mti wako ni upi?"

Kaaha aliinua macho. Juu ya kichwa cha chifu lilikuwa lile tawi la mizani, lina mchubuko mpya wa kamba. Upande wa nyuma shina lilikuwa limechunwa gome kutoka kiunoni hadi mizizini, na Bwana Daftari alikuwa amening'iniza vyuma vyake hapo asubuhi nzima.

"Ni huo unaouegemea," alimwambia, akichomoa kisu. "Sogea nichune. Mbuzi wako hawana kosa."