Jiko Lisilotoa Moshi

Jiko letu la zamani lilitoboka kitako mwezi wa kumi na moja, mwaka wa pili tangu tumzike mume wangu, Milutin. Makaa yakamwagika sakafuni, nikaziba tundu kwa bati ili niendelee kuwasha. Mwanangu Vukašin akapiga simu kutoka Linz, akaniamuru nishuke mjini nikachague jipya, atalipa yeye. Tangu ahamie Austria amekuwa hodari wa kuamuru.

Nilijua ninachotaka: jiko pana, lenye oveni ya kuingia trei kubwa ya pai ya jibini, na bamba la kukalia sufuria nne, mdila wa kahawa pembeni. Hapa kijijini kwetu Javorje jiko ndilo linalokaa katikati ya nyumba, watu wakalizunguka. Muuzaji, bwana mmoja mwenye kitambi, akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, unapikia watu wangapi?"

Nikachukua dogo, lenye kioo mbele, la mtu mmoja. Njia nzima ya kurudi nilimkasirikia yule bwana, ingawa hakunikosea chochote.

Fundi alikuja Jumatatu, akaunga bomba kwenye dohani, akaziba nyufa, akanipa masharti kama daktari: kuni kavu tu, za miaka miwili, zipasuliwe nyembamba. Nikifuata hayo, alisema, moshi hautaonekana kabisa, majirani watadhani nimehama. Nikamjibu kwamba jirani ninaye mmoja, Radojko wa ng'ambo ya bonde, na hatujasemeshana miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mimi nasema alihamisha nguzo. Yeye anasema nguzo ilitembea yenyewe.

Jiko lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Moto ulicheza nyuma ya kioo, nami nikaukodolea macho jioni nzima kama televisheni. Lakini upweke ulinizidi, maana hata kugombana na moshi sikuwa nako tena. Mwaka jana Perunika wa kijiji cha juu alifia jikoni kwake, akaja kuonekana siku ya kumi na moja, tena na msoma mita ya umeme. Kufa sikuogopi. Nilichoogopa ni kulala pale sakafuni, dunia inaendelea na shughuli zake, na hakuna hata mmoja anayejua.

Alhamisi asubuhi, theluji ikiwa magotini, mlango ulitikiswa. Nikafungua. Alikuwa Radojko, koti amelifunga vifungo vikapishana, mtaimbo mkononi, anahema. Akanitazama kana kwamba nimemtapeli.

"Uko hai," akasema.

"Ulitaka niweje?"

"Siku tatu dohani yako haitoi moshi. Nimekuja kuvunja mlango."

"Na nani kakutuma uchunguze dohani yangu?"

"Hakuna aliyenituma. Kila asubuhi naamka, natazama huku, nikiona moshi nakwenda kukamua. Leo ng'ombe wanalia zizini kwa ajili yako, mwanamke mkaidi wewe."

Miaka sita. Nikamweleza habari za jiko jipya. Kuketi alikataa, alikunywa rakija yake, pombe kali ya plamu, palepale kizingitini, akalichungulia jiko juu ya bega langu, akasema kisanduku kile hata kiazi hakichomi. Habari ya nguzo hakuna aliyeigusa. Kisha akaondoka, mtaimbo begani, akikanyaga nyayo zake mwenyewe alizojia.

Kesho yake niliwasha moto kwa kuni kavu kama nilivyoagizwa. Ulipokolea, nikatoka nyuma ya nyumba, nikachukua gogo bichi lililoganda theluji, nikalisukumiza ndani. Likafoka, likatoa povu, na kioo kikaingia masizi chote. Vukašin atauliza jiko lina nini. Nitamwambia linafanya kazi yake.

Nikatoka uani kuhakikisha. Moshi ulipanda mzito, mweusi, wa kuonekana hata na kipofu. Ndipo nikatazama ng'ambo, kwenye paa la Radojko, kwa mara ya kwanza tangu tugombane. Yule mtu angeweza kufa wakati wowote katika miaka hiyo sita, nami nisingejua.

Dohani yake ilikuwa bado haijatoa kitu. Nikasimama kwenye theluji na ndara zangu za ndani, nikangoja mpaka moshi wake ulipotoka.