Ua la Kaka Danieli

Kaka yangu Danieli anafundisha baiolojia Soni, kwa hiyo nyumbani kwetu Gare hatuli viazi kama watu. Tunakula Solanum tuberosum. Binti yake alipozaliwa, majina ya kawaida yote yakaonekana ni ya watu walioishia darasa la pili. Jumamosi, kesho yake ikiwa ubatizo, akatukalisha sebuleni.

"Ataitwa Sentipaulia Ionantha," akatangaza, mkono kifuani kama anaimba wimbo wa taifa. "Ni lile ua dogo la kwenye miamba yetu. Ion ni Kigiriki, urujuani. Anthos, ua. Halafu Kilatini kikaweka mkia wake mwishoni."

"Loo, mtoto kachangiwa na mataifa," nikasema.

Mama alikuwa anafuta machozi ya furaha. "Na mtume Paulo humo humo! Mungu ni mwema."

Danieli akakohoa. Nikamwuliza kwa upole wote niliojaliwa, "Kaka, ni Paulo yule wa waraka kwa Warumi?"

"Siyo... hasa. Ni jina la ukoo wa Mjerumani mmoja aliyekuwa mkubwa Tanga. Aliliona ua, akampelekea baba yake Ulaya."

Machozi ya mama yakakauka haraka kuliko yalivyotoka. "Mjukuu wangu aitwe mkoloni?"

"Hilo limepitwa na wakati, mama! Wataalamu wameshalihamishia ua hilo kundi la Streptokapasi. Streptos ni kusokotwa, karpos ni tunda."

"Tunda lililosokotwa! Hapo umepatia, kaka. Wenzake wakifupisha, Strepto, kama dawa ya sindano."

"Wewe nyamaza, ulipata D ya baiolojia."

"Ndiyo maana wanangu watakuwa na majina."

Wakati huo shemeji Loveness, aliyembeba huyo mtoto miezi tisa na hakuna aliyemwuliza kitu, akatokea mlangoni na binti begani.

"Shem, mwambie kaka yako asijichoshe. Mchungaji nimeshamwona. Mtoto anaitwa Klara, kama mama hapa."

Danieli alitutazama mmoja mmoja akitafuta wa kumwunga mkono. Mimi nikatazama dari.

"Klara," akasema hatimaye, akainua kidole taratibu. "Hilo lenyewe ni Kilatini. Clarus, maana yake..."

Mama hakumsikia. Alikuwa ameshampokea mtoto, anamsemesha Kishambaa.