Shauri la Verlene Larudi Mjini

Msimu wote wa baridi Verlene Tibbs alingoja jibu la malalamiko yake kutoka Chicago, kwenye ofisi ya serikali kuu. Kwenye simu, Orrin Haskell, mwenye nyumba za kupangisha, alimwambia nyumba ya ghorofa ya chini iko wazi. Alipofika na uso wake mweusi, ikawa imeshapangishwa. Mumewe, Cleophus, yuko kwenye kiti cha magurudumu ghorofa ya tatu, na tangu lifti iharibike dunia anaionea dirishani.

Jibu lilipokuja, lilisema mashauri ya namna hiyo sasa yanasikilizwa na halmashauri ya mji.

"Mji huuhuu?" Cleophus akacheka. "Si ndio haohao wanaoimba kwaya na Haskell? Haya, kawasalimie."

Dwight Lindqvist, afisa aliyempokea Verlene pale halmashauri, alisoma malalamiko yake, na hakumficha. "Mama Tibbs, Orrin ni rafiki yangu. Tunaimba pamoja."

"Basi ngoja nichukue mkoba wangu."

"Kaa kwanza, mama." Alikwenda akarudi na kahawa, na mto mdogo akauweka nyuma ya mgongo wa Verlene bila kuombwa. Kisha akapiga simu, akafungua kipaza sauti.

"Dwight! Vipi, mzee wa besi?"

"Orrin, ile nyumba ya chini ulishaipangisha?"

"Wapi! Ipo tu. Unamtafutia nani? Mtu wako ni mtu wangu."

"Usiendelee. Napiga kutoka ofisini. Mama Tibbs yuko hapa, anakusikia."

"Umenifanyia hivyo, Dwight? Wewe?" Simu ikakatika.

Verlene aliona vidole vya Dwight vikitafuta kalamu iliyokuwa mbele yake. Alikuja akihofu kwamba jirani atamlinda jirani. Huko Chicago mtu angempa haki yake, kisha akaenda kula chakula chake cha jioni bila kupoteza kitu.

"Leo hii atapelekewa amri asimpangishe mtu mwingine," alisema Dwight. "Uamuzi atautoa mwenzangu. Mimi sasa ni shahidi."

"Kwa hiyo nimwambie Cleo afunge virago?"

"Aanze na vyombo. Polepole."

Mlangoni Verlene aligeuka. "Una mke?"

"Ninaye."

"Mpigie sasa hivi, mwanangu. Asije akayasikia dukani."

Akaufunga mlango taratibu, ili Dwight apige simu peke yake.