Kiraka cha Ndani ya Sufuria

Mzee Kiraka hakuitwa hivyo kwa kubezwa. Miaka thelathini alikuwa akiziba: ndoo, makarai, birika, matangi ya maji, hata bomba la moshi la kiwanda cha sabuni. Kitu kikivuja, watu walisema mpelekeeni Kiraka, na kikirudi kwa mwenyewe hakikuvuja tena. Alijisifu kwa hilo. Fundi asiyejisifu atasifiwa na nani?

Jumamosi moja asubuhi mpwa wake aliingia karakanani, unga wa ngano ungali kwenye nyusi. Alikuwa mwokaji mikate, na zamu yake ya alfajiri ilikuwa imetoka kwisha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mkate au umeniletea kazi?"

"Kazi. Nataka sufuria ya kupikia bia, ya lita thelathini hivi. Sasa nakaa nyumba ya mama, jiko lipo, na chachu ninayo ya kumwaga. Twende dukani unichagulie. Vyombo unavijua wewe."

Mzee alifurahi, tusimnyime haki yake. Mtoto wa dada yake, mtu pekee aliyebaki duniani wa kumwita Mjomba, anataka kupika bia kama mama yake. Akavua aproni, akachukua kofia msumarini.

"Na tukikosa ya maana," mpwa akaongeza, "nitatumia ile ya shaba ya mama. Nimeikuta uvunguni. Nzima kabisa. Kile kiraka ulichomwekea hakijalegea hata kidogo."

Kofia ikabaki mkononi.

Sasa nikueleze, usije ukasema nilikuficha. Kiraka hicho kilikuwa cha madini ya risasi. Miaka minne nyuma dada yake alikuja na sufuria ile imepasuka kwenye mshono wa chini, akasimama mlangoni kumhimiza kaka yake: kimea kimeshalowekwa, hakisubiri mtu. Bati safi, ambalo ndilo la kulehemia vyombo vya chakula, lilikuwa limekwisha. Iliyokuwepo ni risasi ya betri na mabomba ya maji machafu. Kwamba risasi haigusi chakula ndilo somo la kwanza la kazi ile, hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Lakini duka la vifaa lilikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na dada ndiye huyo, miguu haitulii. Akaziba kwa risasi. Akajiambia wiki ijayo nitaibandua niweke bati. Wiki ijayo ikazaa nyingine, na hiyo ikazaa yake. Watu husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa tumbo lililoumia lilikuwa la dada.

Bia ina ukali wake, na ukali huo huila risasi taratibu. Majirani walikunywa kikombe kimoja kwa mwezi, hawakuona kitu. Yeye mpishi aliilaza bia siku tatu ndani ya sufuria ile, akaionja kila alipopita jikoni, akanywa kila siku mchana. Haukupita mwaka tumbo likaanza kumsokota. Baadaye mkono wa kulia ukalegea, kiganja kikawa kinaning'inia tu, mwiko haushikiki. Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo. Kaka mtu alikwenda kumwona, akauona mstari wa buluu kwenye fizi zake, na akaujua. Mzee aliyemfundisha kazi alikufa na mstari kama huo. Alimpa pole dada yake, akarudi nyumbani, akanyamaza. Hata siku ya mazishi alinyamaza.

Tangu hapo karakana haikuwa na amani. Marehemu alikuwa na mtindo wake: bia ikiwa tayari kuonjwa, anagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko mara tatu. Sasa Kiraka akiinamia ndoo ya mtu, anasikia ko, ko, ko, nyuma ya bega. Anageuka, hakuna kitu. Ukimuuliza, atakwambia haamini mizimu. Basi mbona siku hizi anafanya kazi mgongo kaubandika ukutani?

Haya, wakaenda. Njia nzima mzee aliomba moyoni apatikane chombo cha kumfurahisha mtoto, na ile ya shaba isahaulike uvunguni milele.

Duka la vyombo lilikuwa jembamba, refu, sufuria zimepangwa toka sakafuni hadi darini. Mwenye duka, mama mnene mwenye maneno mengi, akateremsha ya alumini kwanza. Mpwa akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Inalia kama sahani," akasema. "Mama alikuwa anasema ikilia hivi itakuunguzia kimea."

Ikaja ya enameli, nyeupe, maua ubavuni. Akapitisha kidole ukingoni, akakuta imebanduka pembeni, akaisukuma mbali. Kiraka alitazama kile kidole. Kilikuwa cha dada yake, kucha ile ile pana.

"Teremsha ile," akamwambia mwenye duka. "Ile nzito ya juu."

Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, kitako kinene, vishikio vya kuaminika. Kiraka akaingiza kichwa chote ndani kutafuta mshono.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," mwenye duka akacheka. "Angalia usinase, baba, sina msumeno."

Kiraka hakucheka. Ndani ya sufuria alikuwa amesikia ko, ko, ko, wazi kabisa, karibu na sikio. Akachomoa kichwa haraka hadi akajigonga ukingoni. Mpwa wake alikuwa kasimama hatua tano mbali, mikono ameikunja kifuani.

"Nani kagonga?"

"Kagonga nani, Mjomba? Umejigonga mwenyewe."

"Chukua hii," akasema, akipangusa jasho. "Haina mshono hata mmoja. Hii utaurithisha ukoo."

Mpwa akaizunguka, akaigonga, akainusa. "Ni nzuri, sikatai. Lakini haina mtu ndani. Ile ya mama nikiiinamia nasikia harufu yake. Hapana, nimeamua, napikia ile ile."

"Imechoka ile. Shaba imekuwa nyembamba."

"Si utaiziba tena? Wewe ni Kiraka au si Kiraka?" Akacheka, na kicheko pia kilikuwa cha mama yake. "Kimea nimeshaloweka. Kesho napika."

Hapo mzee alipiga hesabu zake za woga. Ufunguo wa nyumba ya dada alikuwa nao. Angeweza kungoja mtoto aende kazini, aingie, aitoboe sufuria kwa patasi, aseme imepasuka yenyewe. Hakuna ambaye angejua. Angeendelea kuletewa mkate kila Jumamosi na kuamkiwa shikamoo, mpaka afe. Ulikuwa mpango mzuri, na alikwisha kuukubali moyoni.

"Tena jana nimeijaribu," mpwa akaendelea. "Nilikamulia ndimu kwenye maji, nikayachemsha humo, nikayalaza usiku kucha. Asubuhi nimekunywa kikombe kizima. Hayana ladha ya chuma hata chembe."

Mzee akashika rafu. Aliona kiganja cha mtoto huyu kinaning'inia. Alikiona kabisa, unga ungali kwenye kucha.

"Usinywe tena," akasema. "Usipikie kitu humo. Kiraka changu ni cha risasi. Risasi ni sumu. Ndiyo iliyomuua mama yako."

Mwenye duka, maneno yake yote yakamwishia. Akaenda kupanga vifuniko nyuma kabisa.

"Hukujua," mpwa akasema polepole. Alikuwa anamfungulia mlango mjomba wake, apite.

Kiraka aliuona mlango huo. Alitamani kupita, Mungu anajua.

"Nilijua. Tangu siku naiweka."

Mpwa alitazama sakafu, kisha akamtazama mzee usoni, kama mtu anayesoma kibao cha njia asiyoijua.

"Mwaka ule ulipoiziba, ulisema umeacha pombe. Ulisema una presha."

"Nilisema."

"Huna presha."

"Sina."

"Mama alikuamini." Sauti yake haikupanda. "Alisema kaka ataacha ugumu wake, siku moja atapita. Kila bia ilipoiva alijaza vikombe viwili, chake na chako, akaviweka mezani. Jioni ikifika hujatokea, anasema cha kaka hakimwagwi. Anakinywa yeye. Miaka yote mitatu, Mjomba. Chake, halafu chako."

Kiraka akakaa juu ya karai lililofunikwa, kofia mapajani.

Mpwa akamwita mwenye duka, akasema anachukua ile nzito. Akaipakata mwenyewe, ingawa ilimwelemea. Mzee alipoinuka kumsaidia, akajivuta pembeni. Akafika mlangoni, akasimama, na mzee akadhani labda kuna neno moja amemwekea.

"Ufunguo wa nyumba ya mama," akasema. "Naomba."

Kiraka akatoa shada la funguo mfukoni. Ule wa dada ulikuwa katikati, na pete ilikuwa ngumu. Ilichukua muda. Mpwa alisubiri, sufuria kifuani, wala hakumsaidia.