Kipande Kifupi cha Waya

Nilisema redio itawashwa, msiba au si msiba. Shemeji zangu waling'aka kwamba kwenye matanga hakuna redio. Nikawajibu wakazae wao. Mwanangu Justus alirekodiwa akituma salamu kabla hajauawa vitani ng'ambo, na salamu za askari zingetangazwa jioni hiyo.

Redio aliiunda mume wangu Nikolaus. Ilitaka volti mbili. Betri ya lori tuliyoazima ilikuwa na volti sita, kwa hiyo ilibidi apitishe katikati waya wa kupunguza nguvu. Alikuwa na vipande viwili, kirefu na kifupi. Akanitazama, akafunga kifupi.

Taa za ndani ya redio, ambazo bila hizo haisemi, ziliwaka nyeupe mara moja, zikafa. Harufu ya kuungua ikajaa uani.

"Nimekosea, mama Justus," alisema.

Yeye aliyekuwa fundi wa simu jeshini, aliyemfundisha Justus mwenyewe kwamba waya mfupi huunguza taa! Nilimtukana mbele ya waombolezaji hadi sauti ikanikauka. Alikikunja kile kipande kirefu, akakitia mfukoni. Mikono yake, iliyotetemeka tangu tuletewe habari za kifo, ilikuwa imetulia kabisa.