Visawe vya Joséline

Lori la tumbaku lilitakiwa kuondoka Katumba saa moja asubuhi, na mpaka saa mbili dereva alikuwa bado anakunywa chai. Nilikaa juu ya robota, nikasimama, nikakaa tena. Joséline alikuwa pembeni yangu, binti yake Vestina mapajani, midomo ikicheza bila sauti.

"Mwalimu, niulize," akasema.

"Pumzika kidogo."

"Nikipumzika yatanitoka. Niulize."

"Reluctant," nikasema kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wanatutazama.

"Mtu asiyetaka kufanya jambo, anajivutavuta. Kisawe chake unwilling. Kinyume, eager."

Baba mkwe wake, Mzee Damiano, alikuwa ameshikilia baiskeli yake iliyokwisha kufungwa kwenye bodi ya lori. Akacheka. "Hilo neno la kwanza ni la huyu dereva. Mwiteni nalo tuone kama ataondoka."

"Mzee, nimekusikia!" dereva akajibu, kikombe mkononi. "Mnanitukana Kizungu ndani ya gari langu? Nitawashusha nyie, mwende na hicho kibaiskeli."

"Tushushe basi, tutafika kabla yako."

Watu wakacheka. Joséline hakucheka. Alikuwa ameinama, anatafuta neno jingine kichwani.

Siku hiyo alikuwa anakwenda Mpanda mjini kusailiwa. Ilikuwa mwaka 1996, na madaktari wa macho kutoka nje walikuwa wanatafuta mkalimani mwanamke wa kuzunguka nao vijijini mwaka mzima, kwa sababu wagonjwa wengi walikuwa akina bibi ambao hawakupenda kumweleza mwanamume habari za miili yao. Walitaka mtu anayejua Kirundi, Kiswahili, na Kiingereza kilichokomaa. Joséline alimaliza kidato cha nne, akaolewa na Arcade, na tangu hapo mikono yake ilishika jembe na majani ya tumbaku tu. Akikosa kazi hii, msimu ujao ulikuwa unajulikana: Arcade alikuwa ameshafyeka shamba jipya upande wa mto, na bani jipya la kukaushia lilikuwa limeanza kujengwa.

"Sitaki kuzeeka na moshi wa bani kichwani," aliniambia siku aliyokuja kwangu kuomba nimfundishe.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimetoka chuoni si zamani, Mfipa niliyepangiwa kazi kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi. Kiingereza nilikijua kwa macho. Kukisema ilikuwa kazi nyingine. Chuoni mkufunzi akiniita jina, viganja vyangu vilikuwa vinalowa kabla sijasikia swali. Lakini nilikuwa na kitabu cha msamiati kisicho na jalada, kila neno na maana yake, visawe vyake na vinyume vyake, nacho nilikipenda kama wengine wanavyopenda redio. Tukakipitia jioni baada ya jioni, chini ya paa la kupangia tumbaku.

Alinishangaza. Maana za maneno alikuwa anazishika polepole, kama mtu yeyote. Visawe vilikuwa vinamtoka tu. Nikimpa thrifty, mtu asiyetapanya pesa, atanipa economical, atanipa frugal, huku vidole vyake vinatenga majani ya daraja la kwanza na la pili bila kuyatazama.

"Umejifunza wapi kufikiri hivi?" nikamwuliza.

"Kwa databukwe," akasema, yaani kwa baba mkwe. "Mwalimu, wewe bado hujaolewa. Ukiolewa kwetu, jina la baba mkwe hulitaji mpaka unakufa. Na mtu mwingine akiwa na jina hilohilo, naye unamzungukia. Yule mwenye duka kule barabarani, mimi namwita mwenye bati jekundu. Katekista namwita sauti nene. Mtaani kwetu wapo wanne wenye jina hilo, na wote nimewapa maneno."

Nilicheka, nikaona ni bahati nzuri. Nikamwambia, "Basi umeshasomea visawe miaka minne ya ndoa," na tukaendelea na kitabu. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Lori lilitushusha Makanyagio, mjini Mpanda, mbele ya ukumbi wa kanisa uliokodishwa kwa usaili. Upepo wa Julai ulikuwa unapeperusha vumbi mpaka ndani ya masikio. Kulikuwa na wasichana wengine wawili, mmoja amevaa viatu vya kisigino, na wote walitoka baada ya muda mfupi. Aliyevaa visigino alikuwa analia. Joséline alinikabidhi mtandio wake, akauchukua tena, akanikabidhi tena. Mzee Damiano alikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, baiskeli ameiegemeza pembeni, Vestina magotini pake. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma kabisa kwa kuwa ndiye niliyeandika barua ya kumdhamini.

Mezani walikuwa wawili: daktari mwenyewe, mama wa Kizungu mwenye nywele fupi za mvi, na Bwana Telesphor, karani wao, mtu wa Kibaoni aliyependa kusikika.

Daktari alianza na maneno. Alisema neno, Joséline akatoa maana, kisawe, kinyume. Alipofika candid, Joséline akasema kwa Kiingereza kwamba ni mtu asemaye ukweli wazi bila kuzunguka, na kinyume chake ni evasive. Daktari akatabasamu, akaandika. Nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Nikavikunjua. Nikaona tumepata.

Kisha Bwana Telesphor akampa karatasi. "Hii ni habari ya wodini. Isome kwa sauti kwa Kiingereza, halafu uitafsiri kwa Kirundi kama unamwambia mgonjwa."

Joséline akaitazama karatasi. Halafu akaanza, "The patient, an elderly farmer..."

"Anza na jina," Bwana Telesphor akasema. "Habari inaanza na jina."

"The aforementioned man," Joséline akasema.

"Hatujamtaja bado. Jina."

"The old gentleman. The sufferer."

Bwana Telesphor akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza cha kujisikia kwamba kinyume cha candid ndicho hiki tunachoonyeshwa sasa. Halafu kwa Kiswahili, "Dada, umetuletea visawe vya gunia zima, na jina la mtu linakushinda kusoma? Da-mi-a-no. Damiano Lyamba! Kuna ugumu gani?"

"Naam!" ikasikika dirishani. "Nani ananiita?"

Kichwa cha Mzee Damiano kikachungulia, na cha Vestina chini yake. Joséline alishaziba uso kwa karatasi. Hapo ndipo nilipoelewa.

Bwana Telesphor naye hakuchelewa. Alimtazama mzee, akamtazama Joséline, akapiga paja. "Kumbe mkwe! Lo, nimeandika mkwe wa mtu!" Akamweleza daktari, tena kwa upole kuliko nilivyotazamia. Akauliza kama anaweza kubadilisha jina kwenye karatasi.

Daktari aliweka kalamu chini. Akazungumza polepole, akimtazama Joséline na si karani. Alisema kwamba anaheshimu desturi hiyo, na kwamba leo anaweza kubadilisha karatasi. Lakini wiki ijayo watakuwa Mwese, na baada ya hapo kwingine, na jina hilo lipo kila mahali. Wagonjwa wa mtoto wa jicho wanalala wamefungwa bandeji. Hawaoni kadi, hawaoni kidole kinachowaelekea. Wanaitwa kwa jina, na anayeitika ndiye anayepelekwa kupasuliwa.

"Nikisema mzee mkulima, wataitika watano," Joséline akasema kwa Kiswahili, kama anajisemea.

"Umesema mwenyewe," akajibu Bwana Telesphor.

Joséline alikunja karatasi, akaikunjua. Midomo yake ilijaribu. Niliona herufi ya kwanza imefika kwenye meno, ikarudi. Kisha akageuka akanitazama mimi nyuma kule, akaelekeza macho dirishani, akanitazama tena.

Nilijua anachotaka. Yeye hawezi kumwambia baba mkwe wake aondoke ili amtaje. Hilo lingekuwa kosa juu ya kosa. Mtu wa kwenda kumwambia nilikuwa mimi, ambaye hata kumwomba mpangaji mwenzangu apunguze redio nilikuwa nashindwa.

Nilitoka. Mzee alikuwa amerudi kwenye benchi, anamfuta Vestina kamasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeshaniamkia leo asubuhi, mwalimu, na kwenye lori pia. Kuna nini?"

"Baba, naomba usogee kidogo."

"Jua limenifuata?"

"Hapana, baba. Usogee mbali." Nikawa naongea na tairi la baiskeli. "Mbali kiasi cha kutosikia."

Mkono wake ulisimama kwenye pua ya mtoto. "Anataka kunitaja?"

"Hataki. Anatakiwa. Wagonjwa wanaitwa kwa majina, baba, na hawaoni. Akishindwa leo, kazi hapati."

"Mama yake Arcade," akasema, "hajamtaja baba yangu mpaka tumemzika. Tulitembea toka kwetu mpaka huku, mwaka ule wa sabini na mbili. Karani wa mpakani akamwuliza jina la mzee tuliyekuwa naye, akakataa kulisema. Tukalala nje kwa sababu yake." Akatikisa kichwa, sikujua kwa hasira au kwa kitu kingine. "Nyie mnasoma sana."

Nilibaki nimesimama, mikono haijui iende wapi. Akainuka, akamweka Vestina kwenye karia, akamshikisha chuma cha kiti.

"Mwambie afanye haraka," akasema, na akaanza kukokota baiskeli.

Nilisimama mlangoni mpaka alipopita maduka ya Makanyagio na kupotea nyuma ya mti wa kona. Nikaingia, nikampa Joséline ishara kwa kichwa.

Alisema jina mara ya kwanza kwa mnong'ono. Daktari akaomba aliseme kama anaita wodini. Akalisema tena, likakwama katikati. Kisha akashika ukingo wa meza, akafumba macho, akaita, "Damiano Lyamba!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na papo hapo, bila kupumua, akasoma habari yote ya wodini mpaka chini, akaigeuza Kirundi, akaweka karatasi. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na upepo ule ulikuwa wa baridi.

Walinong'onezana kidogo. Bwana Telesphor akasimama, akampa mkono. "Jumatatu, saa mbili. Usichelewe, mama mwenye visawe."

Nje benchi lilikuwa tupu. Joséline alitazama kulia na kushoto, akachukua mtandio kwangu na kuanza kutembea kwenye barabara ya Katumba. Lori lilikuwa halirudi mpaka jioni. Nilimfuata nusu nakimbia.

"Umepata kazi," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi, mwalimu. Twende."

"Alikubali mwenyewe. Nilimwona."

"Alikubali kuondoka. Kukubali kutajwa ni kitu kingine." Aliongeza hatua. "Na Vestina hajala."

Nilitafuta neno la kumpoza, kwa lugha zote nilizonazo, na kila nililolipata lilikuwa karibu tu na lile lililohitajika. Nikabeba mfuko wake.

Tuliwakuta mbele ya nyumba za mwisho. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye kichuguu, na mzee anampukuchulia mtoto hindi la kuchoma, ametugeuzia mgongo. Vestina alipomwona mama yake akaanza kurukaruka. Mzee hakugeuka. Joséline alisimama mbali kidogo, akapiga magoti kwenye vumbi, akamwamkia kwa Kirundi.

Punje za hindi ziliendelea kudondoka kiganjani mwa mtoto. Gari moja likapita, likatufunika sote kwa vumbi, na vumbi likatulia, na Joséline alikuwa bado amepiga magoti.

"Inaanza lini?" mzee akauliza.

"Jumatatu, baba. Saa mbili."

Akapangusa mikono kwenye suruali. Akamwinua Vestina, akamrudisha kwenye karia, akashika usukani.

"Hilo lori halifai," akasema, bado anatazama mbele. "Jumatatu tutatoka alfajiri, kwa miguu."

Akaanza kwenda bila kutungoja. Joséline akainuka, akaacha nafasi kati yao, halafu akamfuata.