Karavani ya Maman Séraphine Haiuzwi

Maman Séraphine alikuwa amepiga magoti nyuma ya Hilux yake, katika ua wa mwanawe huko Ibanda, Bukavu, akisugua prize, ile soketi ya umeme, kwa kipande cha msasa, wakati Didier alipotoka nyumbani na kikombe cha kahawa mkononi.

"Maman, acha basi. Patrice anakuja saa sita. Ataiangalia vile iko."

"Akuje. Kuangalia hakukatazwi."

Alichokuwa anakuja kukiangalia Patrice ni karavani nyeupe, nyumba ndogo ya magurudumu, iliyofungwa nyuma ya gari hilo. Mtafiti mmoja wa kituo cha Lwiro aliiacha alipomaliza kazi yake, na Séraphine akainunua alipostaafu kufundisha fizikia. Watoto wake walidhani anataka kuigeuza duka. Alipowaambia kwamba atakaa humo mwenyewe, akiivuta kwa gari lake, mara uwanjani kwa parokia ya Katana, mara kwa binamu yake Lwiro, meza nzima iliweka vijiko chini. Mjane, mama wa watoto watano, na wote wana nyumba!

"Tulilala saba ndani ya vyumba viwili kule Kadutu," aliwaambia siku hiyo. "Kisha nikamuuguza baba yenu mpaka mwisho. Sasa nataka mlango ambao ufunguo wake niko nao miye peke yangu."

Na mlango huo aliupata. Asubuhi aliufungua akaona ziwa na kisiwa cha Idjwi mbele yake, akachemsha chai yake, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Karavani ilikuwa na batri yake, iliyowasha taa, friji ndogo na pampu ya maji. Batri hiyo ililishwa na gari: waya mnene ulitoka kwenye batri ya Hilux, ukapita chini ya gari mpaka kwenye prize ya nyuma, ukaingia karavani. Kila alipokuwa barabarani, batri ilijaa.

Mambo yaliharibika baada ya ubatizo wa mjukuu wake. Alilala hapa kwa Didier, akasherehekea na wageni, kisha akarudi Katana. Njia nzima batri haikuingiwa na umeme. Taa zikafifia, pampu ikakata, na dagaa aina ya sambaza alizonunua kwa wavuvi zikamwozea ndani ya friji. Akarudi Bukavu kutafuta chanzo. Fundi mmoja aligusa batri, akatikisa kichwa, akasema imekufa. Didier hakungoja neno la pili. Jioni ileile alimpigia Patrice, aliyekuwa akitafuta mahali pa kuuzia bia, akamwambia karavani inauzwa.

Lakini Séraphine hakuwa mtu wa kuambiwa kitu kimekufa bila kukipima. Usiku uliopita aliiunga batri kwenye umeme wa nyumba, ikajaa, na asubuhi aliikuta bado imejaa. Batri iliyokufa haifanyi hivyo.

"Carine, binti yangu, washa moteri," alimwambia mke wa Didier.

Carine alipanda garini, akawasha. Séraphine alifungua boneti, akagusisha nyaya mbili za kipimo chake cha umeme kwenye batri ya gari. Volti kumi na nne na kidogo.

"Huku mbele iko sawa. Gari inatoa umeme."

Akazunguka nyuma. Kwenye prize, matundu ya taa yalikuwa na umeme. Tundu la kulisha batri lilikuwa sifuri. Alilisugua tena kwa msasa, akapima tena. Sifuri.

"Maman, sasa umeona," Didier alisema. "Hii kitu imechoka. Na weye pia unachoka. Chumba yako iko tayari, Carine ametandika."

"Nani amekuambia nimechoka?"

Alitandika katoni, akalala chali, akaingia chini ya gari. Didier aliona aibu, akaangalia kama jirani yuko dirishani. Séraphine aliufuata waya kwa vidole kuanzia nyuma, taratibu, akitafuta mahali ulipokatika au ulipochubuka kwa mawe ya barabara. Ulikuwa mzima. Akatoka na vumbi kwenye nywele, akaufuata ulipopanda mbele, hadi kwenye kisanduku cheusi kando ya batri, mahali panapokaa fizibo, ile fyuzi ya kuulinda. Akakifungua.

Kisanduku kilikuwa kitupu.

Alisimama hapo akikitazama. Miaka yote aliwaambia wanafunzi wake: fizibo ikiungua, inabaki palepale, na ule uzi wake umekatika, kila mtu auone. Haitoki ikafunga kisanduku nyuma yake. Alikumbuka kwamba siku ya ubatizo aliacha ufunguo wa gari mezani, na kwamba Didier ndiye aliyelisogeza gari ili wageni wapate nafasi. Aliinua macho. Carine, aliyekuwa bado kwenye usukani, aligeuza uso haraka.

"Zima moteri, Carine." Carine akaizima. "Didier. Fizibo yangu iko wapi?"

"Fizibo gani?"

"Usinifanye mutoto. Miye ndiye nilikuzaa."

Didier aliweka kikombe juu ya ukuta. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini aliinamisha kichwa kama alipokuwa mtoto.

"Batu banasema nimekufukuza," alisema. "Kwa korali ya kanisa, kwa kazi, kila siku. Eti Didier ana villa, mama yake analala mu remorque ya kuvutwa na gari, kama mukimbizi. Nilifikiri ukikosa taa, utarudi mwenyewe. Sikutaka tugombane."

"Ukataka nikae mu giza."

"Maman..."

"Nilikaa mu giza na ile samaki inanuka, nikajiuliza kama kichwa yangu imeanza kupotea. Nilijiuliza hivyo, Didier! Ulitaka nifike pale?"

Wakati huohuo geti liligongwa, akaingia Patrice, mnene, mchangamfu, na mita ya utepe ya kupimia urefu mkononi.

"Bonjour Maman! Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, papa. Lakini umepoteza safari yako. Haiuzwi."

Patrice alimgeukia Didier. "Lakini uliniambia..."

"Didier auze nyumba yake," Séraphine alisema. "Hii iko yangu. Carine atakupa kahawa, utapumzika, utaenda."

Patrice alitazama uso wake, akairudisha mita mfukoni, akasema hana haja ya kahawa.

Patrice alipokwisha kuondoka, Didier aliingia nyumbani. Alirudi na fizibo ameifunga ndani ya kitambaa cha mkononi. "Sikuitupa," alisema kwa sauti ya chini. Séraphine aliipokea bila kumshukuru, akaibana mahali pake, akamwambia Carine awashe tena. Akaenda ndani ya karavani na kipimo chake. Namba ilipanda mbele ya macho yake, ikapita kumi na tatu, ikaendelea kupanda. Alikaa kidogo kwenye kitanda chake, mikono yote miwili juu ya magoti, mpaka moyo ulipotulia.

"Baki hata leo," Didier alimwomba mlangoni. "Nitakuomba pardon vizuri."

"Pardon utaniomba Katana. Jumapili kisha misa, na watoto. Ukuje na godoro yako, kitanda iko moja." Akaingia kwenye gari. "Sasa fungua geti, unisimamishie magari."

"Mu barabara? Miye?"

"Weye. Wakuone vizuri bale batu ba korali."

Barabara ilikuwa imejaa motari wa pikipiki na wanunuzi wa Jumamosi. Didier alitoka na viatu vyake vya ndani, akasimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili. Motari walipiga honi na kumtukana. Mtu mmoja akamwita kwa jina akicheka.

"Ngojeni!" Didier akapaza sauti. "Ngojeni, mama yangu anapita!"

Séraphine aliingiza gia, akakata kona pana ili gurudumu la karavani lisiguse nguzo, akashika njia ya Katana.